Kidole cha Bi Zuwena

Admin, nifichie jina, na majina yote ya humu nshayabadilisha. Mimi ni binti wa miaka ishirini na sita, sijaolewa, nimesoma mpaka chuo, na ni karani wa wakfu wa familia moja hapa Mji Mkongwe, Unguja. Nimeifikiria posti hii muda mrefu kabla ya kuituma. Nikijulikana nimekwisha.

Wakfu wenyewe aliuweka mzee mmoja, sasa marehemu: nyumba kubwa ya ghorofa karibu na Darajani yenye maduka chini, na shamba la viungo Kidichi. Kodi na mavuno vinasomesha mayatima. Mimi ni mmoja wao. Baba alifariki Tumbatu nikiwa mdogo, wakfu ukanisomesha, na mpaka leo mama yangu anakaa Mpendae katika kijumba cha wakfu bila kulipa chochote.

Msimamizi ni binti wa marehemu, nitamwita Bi Zuwena. Ni mtu mzima sana na macho yake hayaoni tena. Kila karatasi namsomea kwa sauti, naye anasikiliza huku anavuta uradi kwa tasbihi yake. Nikimaliza husema "nimeridhia", hapo namshika kidole gumba, nakitia wino, nakiweka panapotakiwa. Ndivyo tunavyofanya kazi tangu macho yalipomwishia, na hakuna aliyewahi kuhoji.

Mwaka huu aliamua tuandike mpango wa muda mrefu, ili akiondoka watu wasigombane: sehemu gani ya kodi itumike kila mwaka, sehemu gani iwekwe kwa matengenezo, nani ashike baada yake. Sharti lake kubwa ni kwamba nyumba na shamba visiuzwe wala kukodishwa kwa mtu mmoja kwa miaka mingi. Mtoto wa kaka yake, Bwana Hilal, aliyerudi kutoka Arabuni, hataki kusikia hilo. Anataka nyumba yote akodishwe mwenye hoteli mmoja kwa miaka mingi, pesa zichukuliwe zote mwanzoni, na lijengwe jengo kubwa lenye jina la ukoo. Walibishana mbele yangu. Yeye akasema watoto wa leo wana shida leo. Bi akamjibu taratibu, "Na ambao hawajazaliwa, Hilal, utawaambia nini?"

Bwana Hilal akacheka, akambusu mkono, akasema shangazi ana haki. Nikadhani yamekwisha.

Juzi akatuma dereva anichukue, eti tukakague shamba kwa ajili ya mpango. Nilikuta midalasini ya upande wa juu yote imekatwa, imelala chini ingali mibichi, na vigingi vya wapimaji vimepigwa mpaka karibu na kisima. Bwana Hilal alikuwa ananingoja hapo, akanikaribisha chai vizuri kabisa. Akanieleza kwamba kuna mpango mwingine, wa kutoa nyumba na shamba pia, mwanasheria wake keshauandika. Siku ya hitma, ya kumsomea dua marehemu aliyeweka wakfu, baada ya sala ya Ijumaa, ukoo wote ukikaa, niusome ule wa Bi neno kwa neno, asikie alichokitaka, aridhie. Ila karatasi nitakayomwekea kidole iwe ile nyingine.

Akanimiminia chai tena.

"Mama yako bado yuko Mpendae?"

"Naam."

"Nyumba nzuri ile, ina kivuli. Mwambie namsalimu."

Njiani nikamuuliza dereva kuhusu karani aliyekuwa kabla yangu, ambaye aliondoka bila kuaga mtu na simu yake haipatikani mpaka leo. Akasema, "Dada, mie naendesha gari tu."

Nilimweleza mama. Alikuwa anasuka ukili wa mkeka na mikono haikusimama. "Sisi watu wa kuja, mwanangu. Soma unachopewa, weka unapoambiwa, tulale salama."

Jana nikaenda kwa Bi kama kawaida. Nikamwamkia, akaniitikia, nikakaa karibu yake nianze kusoma. Akainua mkono ninyamaze. Akalipapasa buibui langu, akashika ncha yake, akainusa.

"Mdalasini mbichi," akasema. "Na mie sijaamrisha mdalasini ukatwe."

Alinisubiri, nikasikia tasbihi yake tu. Mwisho akaiachia ile ncha.

"Ijumaa usome polepole, mwanangu. Wakubwa wengine hawasikii vizuri. Mie nasikia."

Basi. Hakuniuliza nilikwenda na nani wala nilikwenda kufanya nini. Tangu hapo sijui kama anajua yote na anangoja niseme mwenyewe, au ananionya, au keshakata tamaa na mimi. Nikisema, mama anatoka Mpendae, na neno langu litakuwa dhidi ya mtu ambaye akiingia barazani ukoo mzima unasimama. Nisiposema, Bi ataridhia kitu asichokijua, na mkono utakaowafungia mlango watoto wa kesho utakuwa huu uliofundishwa kuandika kwa pesa za wakfu.

Leo asubuhi mama kanipigia simu. Gari la Bwana Hilal limesimama mlangoni kwake. Dereva kaleta gunia la mchele, kasema ni sadaka ya hitma. Kashusha, kisha hakuondoka. Mpaka naandika hapa bado yupo, kakaa ndani ya gari, anaangalia mlango.

Ijumaa ni keshokutwa. Nishaurini, ndugu zangu, nifanye nini kabla sijakishika kile kidole?