Kijiwe cha Altareni

Jumamosi ile zamu ya usafi katika kanisa letu la Tumati ilikuwa yangu. Altare yetu ni ya mbao za mtarakwa, imechongwa na mababu, na katikati kimepachikwa kijiwe cha mraba ambacho sikuwahi kukijali. Nta ya mishumaa ilikuwa imegandia hapo. Nikasugua kwa hasira mpaka kijiwe kikachomoka. Chini yake kulikuwa na kitu cheupe, kidogo kama punje ya mchele. Nikakiokota.

"Rudisha!" katekista wetu alifoka kutoka mlangoni. "Huo ni mfupa wa mtakatifu!"

Nikaurudisha haraka na kukipachika kijiwe juu yake. Mfupa wa mtu! Kwetu, kwa desturi ya wazee, aliyegusa maiti hujitenga. Haendi kwa jirani wala hakaribii ng'ombe mpaka atakaswe.

Njiani nilipishana na wazee bila kuwapa shikamoo. Nyumbani nilimkuta mama zizini, anakamua. Nilisimama mbali nikamweleza, nikiomba moyoni anicheke, maana hakuna anayesali rozari kumshinda yeye.

Hakucheka. Aliinuka taratibu, akalifunga lango la zizi kwa ndani.