Wafyatua Matofali wa Kamukuywa na Mashine ya Kura

Siku niliyoanza kazi ya kuelimisha raia, nilifika ofisini Kitale saa moja asubuhi nikakuta mlango umefungwa. Ofisi yenyewe ilikuwa vyumba viwili juu ya duka la mbegu, hatua chache kutoka msikiti niliolelewa karibu nao. Kabla ya hapo nilikuwa nimefundisha chekechea ya msikiti huo miaka mingi, na nilidhani kufundisha watu wazima kungekuwa rahisi zaidi, maana hawalii wala hawaombi kwenda choo kila dakika.

Mkubwa wangu wa kwanza, tuliyemwita Mratibu, alikuwa mwalimu mkuu mstaafu, mrefu, mpole wa sauti. Alinipa begi lenye nakala za katiba, bango, na mifano ya karatasi za kura, kisha akanipeleka kwenye mkutano wa akina mama wa soko. Nilizungumza karibu saa nzima juu ya sura za katiba. Nilipomaliza, mama mmoja muuza mboga akauliza atajuaje kama jina lake limo kwenye sajili, yaani lile daftari kuu la wapiga kura. Sikujua. Nilimjibu kwa maneno mengi ambayo hayakuwa jibu, naye akakaa chini.

Tukirudi, Mratibu hakunigombeza. Alisema, "Bi Zuhura, hawa hawakukuuliza katiba. Wamekuuliza majina yao yako wapi. Kesho uwe na jibu."

Hivyo ndivyo nilivyoanza kujifunza kazi. Nyinyi mnaoingia sasa mna simu, mtu anatuma ujumbe na kuona jina lake mara moja. Sisi tulibeba nakala za sajili kijiji kwa kijiji, na mtu alikuja na kitambulisho chake tukatafuta mstari wake kwa rula. Tulikuta wenye namba iliyokosewa tarakimu moja, na wengine wameandikishwa kituo cha mbali wasichokijua. Marekebisho yalikuwa na muda wake, na muda ukipita, basi. Jambo la kwanza nililowasisitizia watu likawa kukagua mapema.

Uchaguzi wangu wa kwanza kazini nilipangiwa Kachibora, kama mwangalizi. Mwangalizi ni mtu aliyepewa kibali cha kukaa ndani ya kituo cha kura, atazame, aandike, na asiingilie. Ukizungumza na mpiga kura kumwelekeza, unatolewa, na ripoti yako yote inatupwa. Nilitia sahihi masharti hayo bila kufikiri sana.

Kituo kilikuwa darasa la shule ya msingi. Palikuwa na ile mashine ndogo ya kutambua wapiga kura. Unaweka kidole, picha yako inatokea, karani anakupa karatasi. Asubuhi mambo yalikwenda sawa. Kisha akaja mzee mmoja aliyefanya kazi ya kupukuchua mahindi kwa mikono katika shamba kubwa. Mashine haikusoma kidole chake. Karani akakifuta kwa kitambaa, akajaribu kingine, akajaribu vyote kumi. Mwishowe akamwambia mashine imemkataa, aende nyumbani.

Mzee alipita mbele ya kiti changu. Akasimama, akatazama fomu yangu, akaniuliza kwa upole, "Mama, wewe umeandika nini hapo?"

Sikumjibu. Masharti hayakuniruhusu, na hata kama yangeniruhusu, nisingejua la kumwambia. Nilikuwa nimeandika kwamba amekataliwa. Akavaa kofia yake akaondoka, na baada yake wakaondoka wengine kwa njia ileile, wote watu wa mikono migumu.

Nilimpelekea Mratibu habari hiyo juma lile. Akavuta mtoto wa meza, akatoa kanuni za uchaguzi, akanionyesha aya fupi. Ilisema kidole kisiposomeka, msimamizi wa kituo atamtafuta mpiga kura kwa namba ya kitambulisho, mbele ya mawakala wa wagombea na mpiga kura mwenyewe, kisha watajaza fomu maalumu. Wakala, kama hamjui, ni mtu anayekaa kituoni kwa niaba ya mgombea kulinda kura zake.

Nikamuuliza, "Karatasi hii tulikuwa nayo ofisini siku zote?"

"Tulikuwa nayo," akasema. "Mimi pia sikuifundisha."

Namheshimu mpaka leo kwa kutotafuta kisingizio.

Baadaye nilihamishiwa Bungoma, nikawa na kituo cha kazi Kimilili. Mkubwa wangu huko alikuwa Afisa wa Nyanjani, mama mwenye bidii na mwenye haraka, aliyependa mikutano mikubwa ya siku ya soko kwa sababu ilipendeza kwenye ripoti. Lugha ya huko ilinichekesha mwanzoni. Watu wengi hubadilishana l na r, hivyo mtu anakuambia amekuja kujua mambo ya kupiga kula. Nilicheka mara moja tu. Afisa alinivuta kando akanieleza kwamba mtu akikuonea aibu harudi tena, na kazi yetu ni kumfanya arudi. Kwa hilo alikuwa sahihi kabisa.

Tulichokosania ni Kamukuywa. Kule kuna akina mama waliofyatua matofali miaka na miaka. Wanakanda udongo kwa miguu, wanaujaza kwenye kalibu ya mbao, wanaulainisha kwa viganja, wanapanga na kuchoma. Nilipowatembelea mara ya kwanza nilimsalimu kwa mkono mkubwa wao, tuliyemwita Kukhu, yaani nyanya. Ngozi ya vidole vyake ilikuwa laini kama kijiko. Nikamwomba anionyeshe vizuri mwangani. Mistari haikuwepo.

"Ati unatafuta nini?" akaniuliza akicheka. "Hii vidole imeisha kwa matofali."

Nikamwambia Afisa nataka kwenda Kamukuywa kila wiki mpaka uchaguzi. Alipinga. Kundi lilikuwa dogo mno, alisema, na wakati ule ule ningeweza kuhutubia soko zima la Kimilili. Nilimweleza habari ya mzee wa Kachibora, mwanzo hadi mwisho. Alisikiliza, akageuza kalamu yake mara kadhaa, akasema nichukue siku moja kwa wiki, na mikutano ya soko nisiipunguze. Nikaichukua siku hiyo.

Sikuwasomea kanuni. Niliweka mkebe wa biskuti juu ya rundo la matofali, ukawa mashine. Mimi nikawa karani mbaya. Mmoja mmoja alikuja akaweka kidole, nami nikasema, "Imekataa, kaa kando." Mwanzoni walikaa kando kweli. Walizoea kutii mtu mwenye meza. Ilichukua majuma kadhaa kabla mwanamke mmoja aitwaye Nekesa kubaki amesimama na kusema, kwa sauti ndogo, kwamba anaomba namba yake itafutwe. Wenzake wakampigia makofi. Tukaendelea mpaka kila mmoja akaweza kusema bila kutazama chini. Kukhu alikuwa mwanafunzi mgumu kuliko wote. Alidai maneno yangu ni mengi, akayafupisha mwenyewe.

Siku ya uchaguzi nilipewa tena kibali cha uangalizi, na kituo kikawa chao. Nilikaa pembeni na fomu yangu. Nekesa alikuwa wa kwanza kati yao kufika, alfajiri. Mashine ilikataa, karani akamwambia akae kando, naye akaniangalia mimi. Nilitazama karatasi. Akasimama kidogo, kisha akatoka nje akaenda zake.

Baada yake akaja Kukhu, ameshika kitambulisho mkononi. Karani akajaribu vidole vyote, akasema, "Kukhu, mashine imekukataa. Kaa kando kwanza."

"Haijanikataa mimi," Kukhu akasema. "Imekataa kidole. Tafuta namba yangu, na uite mawakala waone."

Karani akamwita msimamizi wa kituo. Yule bwana alikuja akiwa amechoka tayari. Akamtazama Kukhu kutoka kitambaa cha kichwa mpaka viatu vya plastiki vyenye udongo. "Nani amekufundisha hivyo?"

Nilijua akininyooshea kidole tu, ningetolewa, na huenda wangesema nimevuruga kituo.

Kukhu hakugeuka. "Kwani ni uongo?"

Msimamizi akafungua kijitabu chake cha kanuni, akapekua, akasoma mahali fulani kwa muda. Akawaita mawakala. Karani akaandika namba, na picha ya Kukhu ikatokea kwenye kioo, amekunja uso. Mawakala wakaitazama, wakamtazama yeye. Fomu ikajazwa. Akapewa karatasi zake, akaenda kwenye kibanda cha kupigia kura, akakaa humo muda mrefu.

Kutoka hapo hakuna aliyeambiwa akae kando. Karani mwenyewe alianza kuuliza namba kidole kilipogoma, hata kwa wanaume wakata miwa ambao sikuwahi kukutana nao. Na mchana nikamwona Kukhu langoni, amerudi na Nekesa. Alikuwa amemfuata hadi kwenye tanuru la matofali. Nekesa aliingia na udongo mbichi kwenye viwiko. Nilipomwona akitumbukiza karatasi sandukuni nilishindwa kuandika vizuri, mwandiko wa mstari ule ulipinda.

Nimestaafu sasa. Mratibu alifariki. Afisa wa Nyanjani alinifanyia chai ya kuniaga Kimilili, akakiri mbele ya wote kwamba somo la Kamukuywa ndilo analowafundisha wapya siku hizi. Vijana wengi huniuliza nini cha kujifunza kwanza katika kazi hii. Nawaambia wasome kanuni zile ndogo zinazochosha, halafu watafute ni nani ataumia zisipojulikana, wakakae naye.

Wengine huniuliza swali tofauti. Wanataka kujua wale akina mama walimpigia nani. Mwaka jana nilikwenda kumwona Kukhu, tukanywa uji kwenye kivuli cha matofali yaliyopangwa. Aliniinamia, mwenye furaha kama msichana, akasema sasa kwa kuwa sina kazi tena ataniambia aliyempigia siku ile.

Nikamwekea mkono begani. "Hapana, Kukhu. Hiyo ni yako."

Akafikiri, akaitikia kwa kichwa, akanimiminia uji mwingine.