Heghine Aliyeutaja Ugonjwa Mezani

Katika kijiji cha Vardahovit, chini ya mlima Aragats huko Armenia, mkate wa harusi huokwa na Heghine. Wanawake wengine nao wanajua kuoka, lakini lavashi ya Heghine, ule mkate mwembamba kama shuka, haitoboki. Huketi sakafuni kando ya tanuri lililochimbwa ardhini, akautandaza unga juu ya mto wake wa kitambaa wa kuokea, akainama mpaka kichwa kimezwe na joto, na mara mkate umeshika ukutani mwa tanuri.

Asiyemjua angedhani ameumbwa kwa chuma. Wamjuao wanakumbuka kwamba tangu utotoni homa ilikuwa ikimwangusha kila baada ya wiki chache. Tumbo liligeuka gumu kama ubao, kifua kikachoma, goti likavimba. Kisha siku ya tatu akaamka mzima kana kwamba alikuwa akiigiza. Alipokuwa msichana madaktari walimpasua wakamtoa kidole tumbo. Kilikuwa kizima.

"Usihuzunike," jirani yake Aghun humtania, "nusu ya kijiji hiki wameacha vidole tumbo vyao katika ndoo ileile."

Daktari mmoja wa Yerevan, mji mkuu, ndiye aliyemweleza ukweli. Ndani ya chembe nyeupe za damu ya kila mwanadamu mna protini iitwayo pirini. Kazi yake ni kugundua hila za vijidudu na kuuamuru mwili uwake: joto lipande, palipovamiwa pavimbe, adui achomwe.

"Kumbe ni kama kifuniko cha tundu la hewa," Heghine alisema, kwa maana kila tanuri lina tundu chini yake. Ukilifunua moto unaruka, ukiliziba unatulia. "Basi changu kimelegea. Moto unawaka na hata unga haujakandwa."

Daktari akakubali kwamba ndivyo. Hitilafu hiyo hurithiwa, akasema, na mgonjwa kwa kawaida huwa ameipata kwa baba na kwa mama. Waarmenia wanayo wengi, hata watu wakauzoea ugonjwa huu wa vipindi kama walivyoizoea theluji. Lakini homa yenyewe si ya kuogopwa sana. Kinachoua ni masalia yake, protini nyingine inayozalishwa kila moto unapowaka, ikaganda katika figo mwaka baada ya mwaka. Kidonge cha kolchisini, kikimezwa kila siku, mtu akiumwa asiumwe, huzuia hayo.

Habari ya figo Heghine hakuhitaji kufundishwa. Dada yake Knarik alikuwa na ugonjwa huohuo. Alipoposwa, nyumba nzima iliapa kunyamaza, na alipoolewa alivitupa vidonge ili mavyaa asivione. Alizikwa kabla mwanawe hajaanza shule. Mficha maradhi, kilio humfichua.

Kwa hiyo Gurgen, mwana pekee wa Heghine, aliposema anamtaka Nazeli binti Martun, mama yake alifurahi, kisha akakosa usingizi.

Desturi ya kwetu ni kwenda "kuchukua neno". Wazee wa kijana hufika kwa msichana na chupa ya konyaki. Huzungumzwa viazi, huzungumzwa mvua, ndipo msemaji ataje kilichowaleta. Baba akiridhika, huifungua chupa, na neno limechukuliwa. Heghine ni mjane, basi msemaji alikuwa Rafik, kaka wa marehemu mumewe.

"Shemeji," Rafik alimwambia njiani, "mimi ndiye nitakayesema. Wewe sifia jamu yao, basi."

"Nitaisifia. Halafu nitataja ugonjwa."

"Ugonjwa gani? Kijana hana hata mafua."

"Mimi ninao, kwa hiyo yeye kaubeba, hata kama haumwi. Akioa aliyeubeba pia, wajukuu huenda wakaumwa."

"Utasema baada ya harusi."

"Kwa Knarik nako walisema baada ya harusi."

Rafik akanung'unika, "Mwanamke wewe ulimi wako kengele ya kanisa."

Mambo yalianza vizuri. Nazeli alileta kahawa, Rafik alisema maneno yake matamu, na Martun, fundi mabomba mwenye mikono kama koleo, alikwisha kuishika shingo ya chupa. Hapo Heghine akazungumza. Alieleza ugonjwa wake, kifo cha dada yake, na alichokibeba Gurgen, kwa sauti ileile ambayo angeomba sukari.

Rafik alitazama dari kama mtu anayekagua boriti. Bibi Zabel, mama yake Martun, aliinamia kikombe chake. Nazeli alisimama mlangoni na sinia tupu.

"Mama Gurgen," Martun alisema, "umekuja kuposa au kututisha?"

"Nimekuja kuposa. Ndiyo maana nasema."

"Damu yetu ni safi. Hapa hakuna mgonjwa."

Akamrudishia Rafik chupa.

Baada ya siku hiyo Gurgen alikula amesimama, na mama yake alipomsemesha alimwitikia kwa kichwa tu. Mara moja alifungua kinywa. "Wenzako wanaficha hata vipara vya wana wao, mama."

"Kipara hakijamzika mtu."

Aghun naye hakumwonea huruma. "Umeoka harusi za watu wote," alisema akichochea kuni, "ya mwanao umeiunguza." Heghine alipiga mkate ukutani. Usiku alilia, asubuhi akakanda unga.

Ilikuwa kwenye tanuri hilohilo Bibi Zabel alipotokea, amejitanda shali. Alingoja Aghun aende kuleta kuni.

"Hivyo vidonge," alisema, "vinaitwaje?"

"Ni vya nani, bibi?"

"Vya mtu."

"Huyo mtu tumbo lake hukaza?"

Bibi kizee alishika ukuta. "Siku tatu. Kisha anaamka anaimba. Tumemfunga kitambaa cha sufu tumboni tangu akiwa mdogo, tukasema ni baridi. Martun hataki litamkwe. Anasema likijulikana, binti atazeekea nyumbani."

Hakuna ambaye angemlaumu Heghine kama wakati huo angeitaja posa. Aliuweka mto chini, akauliza, "Mkojo wake una povu?"

"Sijui."

"Basi kesho tunampeleka Yerevan. Nakwenda nanyi."

"Hata baada ya kukufukuza?"

"Mlinirudishia chupa, bibi. Hamkunipiga nayo."

Gurgen aliwasindikiza hadi mlangoni mwa hospitali. Vipimo havikuwa na siri. Nazeli alikuwa na hitilafu pande zote mbili, kwa baba na kwa mama, na katika mkojo wake dalili ndogo ya figo kuumia ilikuwa imeanza. Ndogo, daktari alisisitiza. Akishika dawa tangu leo, figo zina kila sababu ya kudumu. Akaeleza na la pili bila kuulizwa. Nazeli akizaa na Gurgen, kila mtoto atakuwa kama sarafu iliyorushwa: ama ataumwa, ama ataubeba tu. Nao watakaoumwa, wakitibiwa mapema, hukua kama wengine.

Ukumbini Nazeli alimgeukia Heghine. "Umesikia, mama. Nusu kwa nusu. Bado unanitaka nyumbani kwako?"

"Anayeoa si mimi, mwanangu. Anayeoa yuko nje analowa mvua kwa sababu anaona haya kuingia. Kamuulize."

Nazeli alitoka. Kupitia dirishani Heghine aliwaona wakizungumza muda mrefu, Gurgen akipangusa uso kwa kiganja, na haikujulikana kama ni mvua peke yake. Kisha akavua koti lake akamfunika msichana kichwa.

Lilibaki la Martun. Baba wa msichana haendi kwa wazazi wa mvulana. Huko ni kujishusha, na haikupata kuonekana Vardahovit. Lakini Jumapili, watu wakitoka kanisani, Martun alikatiza kijiji kizima mchana kweupe, kofia mkononi, akasimama kwenye lango la Heghine.

"Mama Gurgen," alisema, "sijui mtu anaanzia wapi. Jambo hili halina desturi."

Heghine alimsogezea kiti.

"Anzia hapa," alisema. "Kaa."