Mswaki Nilioutafuna Rockville

Mjukuu wangu Njeri alinipeleka bustani moja ya Rockville tufundishwe kutambua miti ya huku ughaibuni wakati wa baridi, ikiwa haina majani. Darasani alikuwapo pia Bi Rukia wa Tanga. Akikwaruza kijiti na kunusa, anataja jina. Njeri akauacha mkono wangu, akashika wake.

Wivu ukanikaba, sifichi. Mimi niliyepiga mswaki wa mti tangu utoto! Nikavunja kijiti cha kichaka kando ya njia, nikakitafuna mbele ya darasa zima.

"Mti hutambuliwa kwa meno, si kwa pua," nikasema.

"Tema, dada," Bi Rukia akaninong'oneza.

"Unanionea wivu?"

"Shosho," Njeri akasema, "angalia chini."

Theluji ya pale ilikuwa ya manjano, na mbwa mwingine alikuwa akingoja zamu yake ya kukiinulia mguu kile kichaka.