Mama Difu Anapanda kwa Dada Yake

Lori la mbao nililodandia lilianza kulia kwa chini tukiwa bado kwenye mteremko, mlio kama wa mbwa aliyefungiwa ndani. Tulipofika mahali barabara inaponyooka kuingia mji mdogo nisioujua, kitu kilipasuka, lori likatikisika, likasimama. Dereva hakushuka hata kutazama.

"Difu," alisema, akazima injini. "Bahati yetu tumefia mlangoni kwa Mama Difu."

Trekta lilituvuta hadi uwanja wa gereji ya mabati. Upande mmoja matairi yamening'inizwa mpaka kwenye paa. Upande wa pili vyuma vimelazwa juu ya magunia, kila kimoja kimefutwa grisi. Katikati ya sakafu ulipita mstari wa rangi nyeupe. Nilidhani ni wa kuegeshea magari. Baadaye nilielezwa kwamba ulikuwa mpaka wa ndoa: mke ni fundi wa difu, yale meno ya chuma yanayopeleka nguvu kwenye magurudumu, mume anaziba pancha, na spana ya mtu ikivuka mstari, kesi inasikilizwa wakati wa chakula.

Chini ya gari moja refu zilichomoza buti mbili.

"Lori la mbao hilo," zilisema buti. "Nimelisikia tangu darajani. Pinioni, ile gia ndogo ya difu, imekwisha meno. Mpya itatoka mjini, wiki ijayo au ile nyingine."

"Shikamoo," niliziambia.

"Marahaba. Nani huyo?"

"Abiria."

"Abiria wa lori la mbao!" Buti zilitetemeka kwa kicheko. "Basi wewe huna haraka, mwanangu. Shika hiyo taa."

Dereva alikwenda kwa ndugu zake. Mimi ningeweza kudandia gari jingine, lakini nilikuwa nimeshaishika taa. Nimelala katika nyumba nyingi za watu nisiowajua, na katika baadhi yake niliomba maji kwa ishara za mikono kwa sababu maneno yalikuwa yameniishia mpakani. Hapa sikuhitaji hata kuomba. Nilipewa maji, chai, kitanda katika chumba nyuma ya stoo, na kazi.

Lile gari refu lilikuwa lao wenyewe, nalo la kutisha kwa sura: limeinuka, lina ngazi za kupandia ubavuni, na tairi la akiba mgongoni. Ukiliona utasema linapanda ukuta. Kumbe lilikuwa linasukuma kwa magurudumu ya nyuma tu. Mume wa fundi, ambaye mji mzima ulimwita Mzee Upepo kwa sababu ya pampu yake, alilibatiza bwana harusi wa kukodi. "Suti unaiona," aliniambia, "lakini mfukoni hamna kitu."

Sasa mkewe alikuwa analitia kitu mfukoni. Alikuwa amepata, kwa rafiki yake muuza vyuma chakavu, gari la aina ileile lililogongwa, ambalo lilisukuma kwa magurudumu yote manne, na akatoa humo difu ya mbele, ekseli zake, na boksi dogo linalokaa nyuma ya gia na kugawa nguvu mbele na nyuma. Alipima, akakata, akachomelea vishikio. Kazi ilibaki ya siku chache. Kila alipotoka chini ya gari alitazama mawingu kwanza, kisha mikono yake.

Sababu ilikaa juu ya kilima nyuma ya mji. Dada yake mkubwa alikuwa ameanguka na kuvunjika nyonga. Madaktari wakamuunga kwa chuma, akarudi nyumbani kwake kilimani na kukataa katakata kushuka. Barabara ya kule ni udongo wa mfinyanzi. Wakati wa jua hata gari bovu linapanda. Mvua ikishanyesha, ule udongo unageuka sabuni, na miezi yote ya mvua aliye juu anakaa juu, aliye chini anakaa chini. Kwa hiyo fundi alikuwa na njia mbili: apande kabla ya mvua, amwache mumewe peke yake mpaka jua lirudi, au abaki, dada yake akokote mguu peke yake kutoka kitandani hadi jikoni. Gari lenye nguvu mbele na nyuma lingemtoa katika kuchagua. Angekaa na dada yake siku za wiki, na Jumamosi angeshuka nyumbani.

Jioni alimpigia simu, akaiweka juu ya rimu ili sote tusikie.

"Kaa na mume wako," ilisema sauti nzito ya kike. "Mimi nina jirani."

"Jirani yupi? Yule anayesahau hata mlango wake?"

"Na mumeo atakula nini?"

"Shemeji," alidakia Mzee Upepo kutoka upande wake wa mstari, "nitakula upepo!"

Simu ilicheka, ikakohoa, ikakatika.

Nilimuuliza fundi kwa nini anajitesa hivyo, kwa kuwa pale mjini palikuwa na vijana wa kukodiwa ambao wangekaa na mgonjwa. Hakukasirika. Alinieleza huku akisugua bolti kwa brashi ya waya.

"Mama yetu alifariki nikiwa mdogo. Dada ndiye aliyenikuza. Nilipomaliza shule nikataka ufundi. Gereji ilikuwa moja tu, ya mzee mmoja mkali, akasema wasichana hapa wanaleta chai, hawashiki spana. Unajua dada alifanya nini? Hakubishana. Alichukua ungo wake wa maharage, akaenda kukaa kwenye pipa la oili, hapo getini kwa yule mzee. Akachambua maharage. Kesho yake akarudi. Wateja wanaingia, 'Dada, unasubiri nini?' 'Namsubiri fundi amuone mdogo wangu.' Wiki nzima! Mwishowe mzee akatoka, akasema, 'Mlete huyo mtoto, mradi wewe na maharage yako muondoke.'" Aliipuliza bolti. "Kila chuma ninachokijua kimetoka kwenye lile pipa. Sasa nimpelekee kijana wa kukodiwa?"

Siku ya majaribio aliliingiza gari kwenye dimbwi nyuma ya gereji, akasimama katikati ya tope, akavuta kigingi kidogo kando ya gia. Magurudumu manne yakauma kwa pamoja, gari likatoka kama ng'ombe anayejua njia ya nyumbani. Alipiga honi. Mimi nilipiga makofi. Mzee Upepo hakupiga chochote.

Fundi alilitoa barabarani, magurudumu yote manne yakiwa bado yameunganishwa, akaenda hadi mwisho wa lami na kurudi. Aliposhuka, mumewe alichuchumaa mbele ya gurudumu na kulipapasa tairi kwa kiganja, kama mtu anayepima homa ya mtoto.

"Mama, difu zako zinagombana."

"Zinagombana nini? Gari la magurudumu manne hukaza kwenye lami. Kila mtu anajua."

"Hukaza kwenye kona. Wewe umekwenda njia iliyonyooka kama rula. Tazama ngozi ya tairi inavyochunika. Ya mbele inataka mwendo wake, ya nyuma inataka wake."

"Baba, vuka mstari urudi kwako."

"Navuka. Lakini tairi halisemi uongo. Halijui kusoma, halina hata rafiki muuza vyuma."

Alirudi kwake. Fundi alibaki na tambara mkononi, akilitazama tairi. Tope linasamehe, ndiyo maana kule dimbwini hatukuona kitu: gurudumu likipishana na mwenzake, linateleza kidogo na maisha yanaendelea. Lami haisamehi. Na kilima, pale kwenye mawe magumu kabla ya udongo, kingeweza kuvunja chuma katikati ya njia.

"Lete chaki," aliniambia.

Tuliinua gurudumu moja la nyuma kwa jeki. Alichora alama kwenye tairi, nyingine kwenye propela, lile bomba refu la chuma linalopeleka nguvu kwenye difu. Yeye alizungusha gurudumu mara kumi, mimi nikalala chini nikihesabu mizunguko ya propela. Tukahamia mbele, tukafanya vilevile. Ya mbele ilizidi kwa mzunguko mzima. Tulirudia. Ikazidi tena.

Alikaa chini, mgongo kwenye gurudumu. "Miaka yote hii nawaambia watu, usiamini umbo, hesabu meno. Gari la aina moja linaweza kuwa na injini nyingine, na meno mengine ndani. Na mimi mwenyewe sikuhesabu."

"Kwa nini?"

"Niliogopa mvua, mwanangu. Mtu akiwa na haraka anaamini anachokitamani."

Kisha alivuta pumzi na kupaza sauti ili ivuke mstari. "Baba! Asante."

"Umesema?"

"Umesikia."

"Sikusikia vizuri, pampu inapiga kelele."

Pampu ilikuwa imezimwa. Fundi alisimama, akaenda mpaka upande wa matairi, akamwambia karibu kabisa na sikio. Sikusikia alichosema, ila Mzee Upepo alijifanya anatafuta kitu chini ya benchi kwa muda mrefu sana.

Dawa ilikuwa moja: kama mbele hapakuwa na njia ya kubadilisha, basi nyuma pakubaliane na mbele. Tulikwenda wawili kwa muuza vyuma chakavu, mtu mnene mwenye sauti nyembamba, aliyekuwa amekaa kivulini juu ya mto wa sofa.

"Ile difu ya mbele uliyoniuzia," fundi alimwambia, "ilikuwa na dada yake, ya nyuma. Iko wapi?"

"Mama Difu, gari lile limeshakatwakatwa. Vitu vimetawanyika."

Fundi aliinamisha kichwa, akachungulia chini ya ule mto. "Inuka."

"Niinuke kwa nini?"

"Umemkalia."

Aliinuka. Chini ya mto, juu ya matofali mawili, ililala ekseli nzima ya nyuma ya lile gari lililogongwa, ikiwa na difu yake tumboni. Muuza vyuma aliitazama kama mtu aliyegundua kwamba kiti chake kina jina. Hakutaka kitu. Alisema Mama Difu ndiye aliyelifufua gari la mkewe siku ya uchungu wa mtoto wao wa mwisho, naye tangu hapo alikuwa akitafuta nafasi ya kushukuru. Aliomba tu tumletee kitu kingine cha kukalia. Tulimpelekea kiti cha lori.

Fundi aliifungua difu, akahesabu meno kwa kidole, akahesabu tena, ndipo akaifunga kwenye gari. Chaki ilikubali: mbele na nyuma sawasawa. Usiku huo mvua ya kwanza ilinyesha, na asubuhi kilima kilikuwa kimebadilika rangi.

Mzee Upepo alikuwa ameamka kabla yetu. Alikuwa ameyatoa matairi ya gari na kuweka mengine manne yenye mikato mirefu, ambayo sikujua alikuwa ameyaficha wapi. Sasa alikuwa anapunguza upepo, tairi baada ya tairi, akipima kwa geji.

"Tairi lililojaa linasimama kwa vidole," alinieleza. "Lililolegea kidogo linakanyaga kwa wayo mzima. Bila hivyo, yatateleza magurudumu manne badala ya mawili."

Mkewe alisikia, akapanga mizigo yake: godoro, birika, ungo, na fremu ya kutembelea aliyoichomelea mwenyewe kwa mabomba, ikiwa na raba miguuni alizokata kwenye tairi la mumewe. Alinipa mkono, kisha akanikabidhi taa.

"Lori lako nimelifungua, nimelifunika kwa gunia. Pinioni ikifika msiliguse. Nashuka Jumamosi."

"Jumamosi," alisema mumewe, kama anayeliuliza lile neno.

"Mungu akipenda. Na difu zikipenda."

Mzee Upepo alisubiri.

"Na matairi," alisema mkewe. "Haya. Na matairi."

Mzee alimpa pampu ndogo ya mkono, akafunga mlango, akaupigapiga mara mbili. Kutoka uwanjani tuliweza kuiona sehemu mbaya ya barabara, utepe mwekundu uliopinda begani mwa kilima. Gari lilitokea pale, likapungua mwendo. Pua ilielekea mtaroni. Mzee alinishika mkono bila kujua ameushika. Kisha matope yakaruka kutoka pande zote nne, pua ikarudi, na gari likapanda polepole, bila pupa, mpaka likaingia nyuma ya miti.

Tuliendelea kusikiliza mpaka mlio ukaisha.

"Amepita," alisema. Alipangusa uso kwa mkono wenye masizi. "Akirudi atasema ni difu. Mwache aseme. Arudi tu."

Mtu wa baiskeli aliingia uwanjani akiburuta tairi lililokwisha upepo. Mzee Upepo alikwenda kumpokea, nami nikamfuata na taa.