Biskuti Aliyoila Mtani

Karatasi ya ile biskuti ilinukia kiangazi kizima. Ilikuwa karatasi ya kung'aa, rangi ya fedha kwa ndani, na niliilalia chini ya mkeka kule Kaliua. Alfajiri, mama akishatoka kwenda kisimani, niliitoa nikainusa: harufu tamu yenye uchungu kwa mbali, kama ya kitu kilichotaka kuungua kikaokolewa. Biskuti yenyewe sikuila. Aliila Ndahani, kijana wa Kigogo aliyekuwa mgeuza reli pale kituoni, njia ya Mpanda inapoachana na ile ya Kigoma. Leo mimi ni bibi niliyebakiwa na meno machache, na bado nikilitaja jina lake mkono wangu unawasha kumzaba kofi.

Zilikuwa enzi za Mwingereza. Shangazi yangu alikuwa yaya kwa Mzungu mmoja wa reli mjini Tabora, na siku mimi na mama tulipomuaga kurudi nyumbani alinitilia kiganjani biskuti moja iliyovishwa chokoleti. "Memsabu hula hizi akisafiri," aliniambia. "Ile humohumo garini, Nyamizi, isije ikayeyuka." Sikuila. Nilitaka nifike nayo Kaliua, watoto wenzangu waione kwanza, wameze mate, ndipo niile polepole mbele yao. Njia nzima, katika behewa la daraja la tatu lililojaa kuku na vikapu, niliishika kwa ncha za vidole na kuitoa dirishani ipate upepo, hata mkono ukafa ganzi. Tuliposhuka, Ndahani alikuwa amesimama pale na bendera yake kwapani. Akatusabahi, akaichukua biskuti mkononi mwangu kama mtu anayechukua chake, akaimenya, akaila, kisha akanirudishia karatasi. "Hiki si chakula chenu, mtani," alisema. "Nyinyi Wanyamwezi endeleeni na michembe yenu." Michembe ni viazi vitamu vilivyokatwa na kuanikwa, na kweli tulikuwa tukivila karibu kila siku. Kituo kizima kilicheka. Mama alicheka mpaka akashika kiuno.

Nilipoangua kilio, mama aliniinamia akanifuta kamasi kwa upindo wa khanga. "Huyo ni mtani wako, hakasirikiwi," alisema, na sauti yake haikuwa na mzaha tena. Akanieleza njiani kwamba babu zetu walipokuwa wapagazi, wakibeba pembe kwenda pwani, iliwabidi wapite Ugogo, na Wagogo waliwatoza hongo kwa maji ya kunywa. Wakapigana, wakachoka, chuki ikageuka utani. Tangu hapo Mgogo akichukua kitu cha Mnyamwezi, mwenye kitu hucheka. Mimi sikucheka. Kilichoniuma zaidi ya biskuti ni kukatazwa hasira. Kuanzia siku ile nilitaka kitu kimoja tu duniani: kumwona Ndahani amekasirika, halafu alazimike kuimeza hasira yake kama mimi nilivyoimeza yangu.

Naye hakuniacha nipumzike. Kila jioni alipita uani kwetu kuomba maji, akakaa kwenye kinu kibovu kilichopinduliwa na kunisimulia biskuti ile ilivyokuwa tamu. Mara ya kwanza alisema ilikuwa na ladha ya asali ya miomboni. Baadaye akaongeza maziwa ya ng'ombe aliyezaa karibuni. Baadaye tena akasema ukishavunja lile ganda la juu, ndani mnatoka utamu mwingine usio na jina, unaopanda mpaka masikioni. Mimi nilitwanga huku nimemwinamishia uso, nikisikiliza kila neno na kumchukia kwa kila neno.

Mvua zilipokaribia alipata likizo ya kwenda kwao Dodoma. Alinunua jogoo akamwomba mama amkaangie chakula cha njiani, nami nikatumwa kumpelekea kituoni. Nilitembea polepole kwa makusudi. Nilipofika, alikuwa ameshapanda, ameketi dirishani, na gari linapiga honi. Akanyoosha mkono. Nikasimama umbali ambao mkono ule haukuweza kufika, nikafungua kitambaa, nikatoa paja nikaliuma. Magurudumu yakaanza kuzunguka. Nikauma na la pili. "Nyamizi, lete hapa," alisema, na haikuwa sauti ya kutania. Nikamjibu huku mdomo umejaa, "Mtani hakasirikiwi." Watu wakaangua kicheko. Yeye naye alijaribu. Mdomo ulifunguka, meno yakaonekana, lakini kicheko hakikutoka. Nilimtazama usoni mpaka behewa lake likapotea, na kuku yule alikuwa mtamu kuliko kitoweo chochote nilichowahi kula. Mama, aliyekuwa amenifuata nyuma ili amuage, alinivuta sikio mbele za watu. Tulipofika nyumbani akaniomba kipapatio.

Ndahani hakurudi Kaliua, alihamishiwa kituo kingine, nami nikaamini tumemalizana. Nilipokuwa mwalimu Tabora niliikuta biskuti ya namna ileile katika duka la Mwarabu. Nilijifungia chumbani nikaila. Ilikuwa tamu ya kawaida, inanata kwenye fizi, na ndani mna unga mkavu. Asali haikuwamo, wala maziwa. Nilikaa kitandani nikimtukana Ndahani peke yangu. Siku hizi wajukuu zangu wananunuliwa biskuti hizo kila tukipanda basi la Nzega; wanamega kidogo, wanaziacha kwenye kiti, wala hakuna mtu wa kuwanyang'anya. Hata watani siku hizi hawachukui kitu cha mtu, wanaogopa polisi. Mimi huziokota nikazimaliza, aina zote, mpya na za zamani, na kila mara natafuna taratibu nikingoja kile kinachopanda mpaka masikioni. Hakijapanda hata mara moja. Paja la kuku lilitosha kulipia biskuti aliyoila. Ile aliyonisimulia hajailipia, na sijamsamehe.