Chupa ya Mama wa Dunga

Juzi nilikuwa dukani hapa Kisumu Bwana Afya alipokuja kukusanya chupa za dawa ambazo lebo zake zilidai kuponya pumu, utasa na maumivu ya mgongo. Mama mmoja wa ufuo wa Dunga, muuza samaki, aliikumbatia yake.

"Mama, serikali imepima. Haya ni mafuta ya kupikia yaliyotiwa rangi."

"Lakini mzee yangu alikuwa hawezi simama. Sasa anavuta wavu!"

"Alikunywa vijiko vingapi?"

"Kunywa? Mimi namsugua mgongo nayo kila asubuhi mpaka anacheka."

Bwana Afya alitabasamu, akaipokea chupa kwa mikono miwili.

"Hii naenda nayo, Mama. Wewe endelea kusugua."

Serikali ilichukua chupa. Dawa yenyewe ilirudi Dunga kwa miguu.